Miguu Niliyoigeuza Ukutani

Serikali iliporuhusu biashara huria, kila mwenye duka Kiomboi alitaka muhuri, na mchongaji nilikuwa mimi. Nikavimba kichwa. Nikaacha mihuri, nikajiita msanii. Nikachonga ubaoni ngoma inayochezwa na kikundi cha akina Bibi Zaituni, wazee wa mtaani kwetu: watu hamna, ni mistari tu ya nyayo zinazozunguka. Nikapaka wino, nikachapa kwenye karatasi kubwa, nikaitundika ukutani na kumwalika mgeni kutoka Dar, mnunuzi wa picha.

“Kila mstari ni hatua halisi,” nilimwambia nikishika kidevu. “Hata wachezaji wenyewe wanaweza kuifuata.”

Kumbe Bibi Zaituni, aliyekuja na kikundi chake kutazama, anasikia. Akawainua wenzake, wakacheza huku wakiangalia ukuta. Nusu wakafuata picha, nusu wakafuata mazoea. Wakagongana, mmoja akamkalia mgeni mapajani.

“Shikamoo bibi,” nikamwamkia mara ya pili kwa woga. “Hii ni sanaa ya kisasa.”

Akautazama ubao niliouegemeza kando, kisha karatasi.

“Ubaoni tunazunguka kulia, kama siku zote. Karatasini umetugeuza kushoto. Mjukuu wangu, muhuri wa kikundi chetu uliuchonga kinyume, ukasomeka vizuri. Miguu yetu ndiyo ulidhani hakuna atakayeisoma?”