Kiyoyozi cha Shangazi Masikio

Kiwandani walimwita Masikio. Miaka ishirini na minane Shangazi yangu alisimama kati ya mashine za kufuma nguo, na akisema ile ya tatu inaumwa, mafundi hawakubishana naye, waliizima. Alipostaafu akahamia fleti ya vyumba viwili yenye kiyoyozi sebuleni, kile cha kupoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi. Mume alikuwa ameshafariki. Watoto hakujaliwa. Sisi watoto wa kaka yake tulimpigia simu Jumapili, tukikumbuka.

Kiyoyozi kilipofikisha miaka kumi na sita, fundi alikuja mara saba ndani ya mwaka mmoja. Shangazi alimwita kwa mlio, kwa mtikisiko, hata kwa harufu, na kweli kila mara palikuwa na jambo: skrubu imelegea, gesi imepungua, feni inakwaruza. Fundi, mtu mzima mwenye wajukuu, alimaliza kazi kwa nusu saa, kisha akanywa chai saa nzima. Walibishana kuhusu mpira, maumivu ya magoti, na kama paka ana shukrani.

Mara ya nane ilikuwa msimu wa baridi. Shangazi alikuwa amejikunyata ndani ya koti, akikohoa. Fundi aliweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akatoka kibarazani kulisikiliza kasha la nje la kiyoyozi, akarudi bila kufungua mkoba.

"Mama, huyu mzee wa ukutani amekula chumvi nyingi. Tumwache apumzike."

"Mbona mwezi uliopita ulimponya?"

"Sikumponya, nilimbembeleza. Gesi nikijaza leo, mwezi haupiti imevuja. Kompresa, moyo wake, imechoka, na spea zake hazitengenezwi tena. Kingekuwa na miaka sita ningekitibu. Kwa umri huu ninakudanganya tu. Nilipaswa kukwambia mwaka jana."

"Sasa ulinyamazia nini?"

Fundi akakuna kidevu. "Chai yako, mama. Nimeimeza pamoja na aibu yangu."

Shangazi akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Alipotulia akauliza, "Na nikinunua kipya, kitaharibika lini?"

"Ukikitunza, miaka kumi na mitano. Mimi nitakuja mara moja kwa mwaka, kukisafisha."

"Mara moja."

"Mara moja tu! Utanisahau hata sura."

Alisema hivyo kama mtu anayeleta habari njema.

Baadaye Shangazi aliniambia kwamba kompresa ile aliisikia ikifa tangu mwaka uliotangulia. "Kiwandani ningepiga kelele izimwe siku ileile," alisema. "Nyumbani nikanyamaza. Nikawa namwita fundi kwa ajili ya skrubu."

Kipya kilifungwa Jumanne. Kufikia Ijumaa chumba kilikuwa na joto zuri na kikohozi kimepungua. Shangazi alisogeza kiti chini ya kiyoyozi, akasikiliza asubuhi nzima, hakuambulia kitu. Saa sita akampigia fundi.

"Kimefanyaje, mama?"

"Hakijafanya kitu."

"Kinapasha?"

"Vizuri sana."

"Kinapiga kelele?"

"Hata kidogo."

Nyuma ya fundi drili ilikuwa ikitoboa ukuta wa mtu mwingine.

"Basi hicho ndicho tulichokitaka, mama."

"Ndicho," Shangazi akasema. "Nilitaka ujue tu."

Akamshukuru, akamshukuru tena, kisha akangoja fundi ndiye akate simu.