Kigango cha Kwetu na Kigango cha Kwao

Aibu hii sijaisimulia nyumbani, na nawaomba msiifikishe Kaloleni, maana mama yangu bado anajua alizaa mtu mwenye akili.

Mwaka jana niliajiriwa kutengeneza mashine za barafu za wauza samaki huko Asembo Bay, mimi Mgiriama peke yangu, watu wananisalimia kwa Kijaluo nami natabasamu tu mpaka mashavu yanauma, nikirudi chumbani nazungumza na sufuria (msicheke, sufuria husikiliza). Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akikaa nami tukaongea, mwenye nyumba wangu, Mama Akinyi, na bila yeye sijui kama ningemaliza mwezi. Mumewe sikuwahi kumwona. Nilipouliza alisema, "Mzee alituacha, miaka nne sasa," sikuuliza zaidi, maana kwetu mtu akikuacha hivyo amefariki.

Siku moja akaniambia, "Fundi, Jumapili tunafungua kigango mpya. Kuja na wewe, si unakaa tu kwa nyumba peke yako."

Kwetu kigango ni ile nguzo ya mbao iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, ikafungwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi, na si kila mpita njia anayealikwa. Kumbe mama huyu amenihesabu mtu wa nyumbani! Nililia kidogo, sitaficha. Ningeuliza swali moja tu mambo yangeishia hapo, lakini nani huuliza maswali msibani?

Jumapili nikavaa shati jeusi, nikabeba kitambaa chekundu na cheupe, na kwa kuwa minazi kule hakuna, nikatafuta nusu chupa ya chang'aa. Nafika, watu wamejaa chini ya hema, na mbele ya jengo jipya la mabati imesimama nguzo, tena juu yake imening'inizwa ringi ya gurudumu la lori (nikasema kila watu na mila zao, labda marehemu alikuwa dereva). Nikaenda moja kwa moja, nikapiga magoti, nikafunga vitambaa, nikamwaga chang'aa, halafu nikapaza sauti ili Mama Akinyi ajue nimekuja kwa moyo wangu wote, "Baba Akinyi, lala salama, mkeo na watoto tutawaangalia."

Padri ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye pikipiki, na harufu ya chang'aa ikamfikia kabla hajavua kofia. Katekista akaja akaniinua kwa kwapa.

"Bwana, hiyo nguzo ni ya kengele, ringi ndio tunagonga. Hapa ni kanisa."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mlevi, kwamba kigango ni kanisa dogo lililo mbali na parokia, padri hulifikia mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine waumini wanasali wenyewe. Nami (ulimi hauna mfupa) nikauliza, "Na marehemu je?"

"Marehemu gani?" akasema mama mmoja nyuma. "Baba Akinyi si ako Mamboleo na bibi mwingine?"

Hema zima likacheka. Mama Akinyi alikuwa mstari wa mbele ameshika kitabu cha nyimbo, akainamisha kichwa, na hapo ndipo nilipojua sikujiaibisha peke yangu.

Jioni nikaenda kubisha kwake. "Mama, nisamehe, sikujua."

Akafungua mlango kidogo tu. "Fundi, miaka nne hakuna mtu amewahi nipa pole. Wewe ndio wa kwanza," akasema. "Lakini si ungenipa hapa nyumbani."

Akafunga.

Basi nimeapa, neno hata kama nimelijua tangu utotoni, nikilisikia ugenini nauliza maana kwanza, wacha nionekane mjinga. Huu ni mwezi wa tatu, Mama Akinyi akinipita uani ananisalimia kwa kichwa tu, na mtu mwingine wa kuongea naye sina.