Ufunguo wa Chumba cha Jumatano

Ghaniya alisomesha historia miaka ishirini na sita, na hata siku moja hakuchelewa darasani. Alizaliwa Unguja akasoma huko, na katika vitu vichache alivyokuja navyo Oman lilikuwamo daftari la skuli lenye habari za abasia, nyumba za watawa wa Kiingereza wa zamani. Watoto wa Ibra, mji wa Oman aliosomesha, hawakuwa na haja nazo. Yeye alizipenda, kila mwaka akaongeza ukurasa.

Alipostaafu mwaka 1999 alibaki na kazi moja, uwakili wa chumba cha wakfu. Bibi yake, Bimdogo, alikiacha pembeni mwa soko la wanawake la Jumatano, pamoja na mitende tisa ya kukihudumia. Sharti lilikuwa moja: mwanamke anayetoka kijijini kuja sokoni apate pa kusali, tende na kahawa.

Jumatano moja asubuhi mdogo wake Marhun alimfuata hapo chumbani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Viatu viache mbali, zulia limefuliwa."

Marhun alikaa ukingoni. "Jumamosi nakwenda kwa kadhi. Nitaomba hapa pawe duka la kushonea, na wakfu uhamishiwe msikitini."

Ghaniya hakupandisha sauti. Alitoa daftari rafuni.

"Sikiliza. Kulikuwa na abasia moja bondeni. Bwana mmoja aliitolea ardhi, wakaingia watawa kumi na tatu. Walilima wenyewe, wakafuga kondoo, wakasali mara saba mchana na mara moja usiku wa manane. Masikini aliyefika langoni alipewa mkate, haulizwi katoka wapi."

"Dada, nimekuja kwa habari za chumba, umeshanifikisha Ulaya."

"Nyamaza. Ilisimama miaka mia nne. Kisha mfalme akagombana na mkuu wa kanisa lao, akatamani mali za watawa. Akatuma wakaguzi. Watawa wakatolewa, madini ya risasi yaliyoezekea paa yakayeyushwa, kengele zikauzwa, wanakijiji wakachukua mawe wakajengea mazizi. Wakfu ukivunjwa, ndiyo huo mwisho wake."

Marhun alifikiri. "Hao wakaguzi walikuta masikini wangapi langoni?"

Ghaniya alikuwa mwalimu, na swali la haki hakulikimbia. "Wachache. Sufu iliwatajirisha, kazi wakawaachia watumishi. Lango likawa linafungwa."

"Linafungwa kwa nini?"

"Walikuwa na vitu vyao ndani."

Alipomaliza kusema hivyo aligeuka akakitazama chumba. Rafu tatu za vitabu vyake zilijaza ukuta wa kibla. Chupa mbili za kahawa zilikuwa bado ndani ya nailoni. Mwaka mzima alikuwa akikifunga chumba kwa kuogopa vumbi na harufu ya mbuzi, na tende za mitende tisa akizipeleka kwa jamaa. Dirishani aliwaona wanawake wamekaa chini nje, migongo ukutani, mmoja akimimina kahawa aliyokuja nayo kutoka kwao.

"Mimi sikusema kitu," alisema Marhun.

"Jumamosi usende. Nipe Jumatano tatu. Ukikikuta kimefungwa, nenda kwa kadhi, na mimi nitakuwa shahidi wako."

"Wallahi?"

"Nimeshasema. Na usikae, beba vitabu."

Marhun alivibeba safari saba mpaka garini. Ghaniya alichana nailoni, akapika kahawa, akaandaa tende, kisha akatoka nje.

"Tafadhalini, ingieni. Chumba chenu hichi."

Mkubwa wao, muuza samli, alitazama miguu yake. "Tuna vumbi, mwalimu."

"Zulia hufuliwa."

Waliingia watano. Bibi wa samli alikunywa kikombe, akakinyosha aongezewe. "Kahawa yako nyepesi," alisema. "Jumatano ijayo ongeza hiliki."

"Inshallah nitaongeza," alijibu Ghaniya. Alipoondoka alasiri aliutundika ufunguo kwenye msumari, upande wa nje wa mlango.