Nilisema "Kifo", Leo Mama Yake Ananiita Mwanangu

Admin, naomba jina langu lisionekane popote. Na nyie mtakaosoma, kama ni kunitukana, nitukaneni mkishamaliza.

Mimi ni mwanaume wa miaka 56, afisa mstaafu wa jeshi. Nina mke na watoto watatu ambao wote wameshajitegemea. Tunaishi juu kidogo ya Kikatiti, kwenye shamba la kahawa na migomba aliloniachia marehemu baba. Kanisani ni mzee wa usharika, watu wananiheshimu. Hiki ninachokiandika hakuna anayekijua, hata mke wangu.

Miaka ishirini iliyopita, nikiwa kapteni, niliteuliwa kuwa mmoja wa wajumbe watano wa mahakama ya kijeshi. Mshtakiwa alikuwa askari wa miaka ishirini na mitatu. Wakiwa kwenye operesheni, aliacha lindo mbele ya adui, adui akapita hapo hapo, wenzake wawili wakauawa. Alijitetea kwamba alikuwa na malaria kali, aliomba abadilishwe akakataliwa, akaenda kutafuta dawa na kuanguka njiani. Shahidi mmoja alisema ni kweli, tangu asubuhi alimwona akitetemeka. Kabla kesi haijaanza yalisomwa majina yetu, akaulizwa kama anampinga yeyote. Jina langu ni la Kimeru, na yeye ni Mmeru. Aliposikia aliinua uso akanitazama, akasema, "Simpingi yeyote, afande."

Siku ya mwisho, tukiwa kwenye chai, mwenyekiti wetu aliniambia mbele ya wenzangu, "Kapteni, huyu si kijana wa kwenu? Msije mkabebana." Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini lile neno liliniingia kama mwiba. Niliogopa wataniona nampendelea kwa ukabila, na nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo.

Tulishamtia hatiani, ikabaki adhabu. Kwa utaratibu wetu adhabu ya kifo ilitaka wote watano tukubaliane. Mmoja tu akikataa, kijana anafungwa, hanyongwi. Na anayeanza kusema ni mwenye cheo cha chini, ili asiwaogope wakubwa wake. Huyo nilikuwa mimi. Moyoni nilikuwa na neno moja tu, kifungo. Nilipofungua mdomo nikasema, "Kifo." Wenzangu wakafuata mmoja mmoja.

Tulipotoka, meja aliyesema baada yangu alinishika mkono. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe," akaniambia. "Ungesema kifungo, ningekufuata." Mwaka uliofuata nikapata umeja. Mke wangu akachinja mbuzi, tukaalika majirani, nikala.

Yule kijana hakunyongwa, maana Rais hajatia saini, lakini rufaa yake ilikataliwa, na mpaka leo yuko gerezani na hukumu yake ile ile ya kifo. Kila mlango ukifunguliwa hajui anaitiwa nini.

Nilipostaafu na kurudi nyumbani, mke wangu akazoeana na mama mmoja mzee aliyehamia kwa binti yake, jirani yetu. Mama mpole sana. Akipika loshoro lazima atuletee bakuli, anajua napenda mahindi na maziwa mgando. Siku moja alinikuta napogoa kahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida. Wewe umekuwa jeshini, unajua maneno yao. Nina kijana wangu gerezani, nataka uniandikie barua kwa Rais, nimwombee msamaha."

Akataja jina la mwanawe. Mkasi ulinidondoka. Ningeweza kusema sijui kuandika barua za namna hiyo, lakini nilisikia mdomo wangu unasema, "Karibu ndani, mama."

Tulikaa mezani, yeye anasema, mimi naandika. Alieleza alivyomlea peke yake, na jinsi kijana alivyokuwa akiugua malaria tangu utotoni. Kisha akasema, "Andika pia kwamba wale waliomhukumu sina kinyongo nao. Kila Jumapili nawaombea, maana nao wana mama zao."

Nikashindwa kuendelea. Akaniuliza, "Mbona umeacha?" Nikamwambia wino umeisha. Nikaingia chumbani kutafuta kalamu, nikakaa kitandani nimejiziba mdomo kwa mto, mtu mzima na mvi zangu. Kisha nikarudi nikamaliza barua. Alinibariki kwa kuniwekea mkono kichwani.

Wiki iliyopita alikwenda kumwona mwanawe. Alirudi amefurahi, akaja moja kwa moja kwangu. "Nimemwambia habari zako. Akaniuliza unaitwa nani, nikamtajia jina lako lote na cheo chako. Akanitaka nilirudie jina lako, mwanangu. Halafu akasema, 'Mama, mwambie aje. Nataka kumwona.'"

Sasa binti yake aliyekuwa akimsindikiza amejifungua, na macho ya mama hayaoni vizuri. Ameniomba nimpeleke mimi, Alhamisi ijayo. Mke wangu amekubali kwa niaba yangu, anasema ni kazi ya Mungu.

Niliapa kutotoa siri ya kura, lakini nisiwadanganye, si kiapo kilichonifunga mdomo. Ni aibu. Naogopa kuliona lile bakuli la loshoro likiacha kuja. Nimefikiria kusingizia ugonjwa, nikakumbuka kuna mtu alisema ukweli kwamba anaumwa na mimi sikumsikiliza.

Nishaurini ndugu zangu. Nimwambie yule mama kwa mdomo wangu kabla ya Alhamisi, au nimwache aambiwe na mwanawe mimi nikiwa nimesimama pale pale? Semeni lolote, ila msiniambie nilikuwa natimiza kazi yangu. Hilo nimejiambia miaka ishirini.