Apande Miti Ikiwezekana

Kijijini kwetu, karibu na Usagara, mama aliteka maji kwenye chemchemi chini ya kilima chenye miti. Sheria ndogo ya kijiji ilimtaka mchoma mkaa alipe ushuru na apande miti. Soko huria lilipoingia, wachoma mkaa wakalalamika kwenye mkutano wa kijiji kwamba sheria inawabana. Mwenyekiti wa kijiji akapendekeza ushuru upunguzwe, na kwenye sheria liongezwe neno: apande miti "ikiwezekana".

Mama akauliza, "Mwenyekiti, na mvua nayo itanyesha ikiwezekana?"

Watu wakacheka, kisha wakapitisha. Siwalaumu. Pamba haikuwa na bei, na mkaa ulisomesha watoto. Labda hata mimi ningenyoosha mkono, sijui.

Miti ikaisha kilimani, na chemchemi ikakauka. Mama sasa yuko kwangu mjini, Igoma, anakunywa maji ya bomba. Husema hayana ladha. Namwambia hata mimi nayatamani yale ya chemchemi.