Madafu ya Mgonjwa

Ukitaka kujua cheti chako cha unesi kina thamani gani, olewa. Wodini nikisema mgonjwa huyu asinywe, hanywi, na ndugu zake wananishukuru. Nikivuka mlango wa ukweni kwangu Gongo la Mboto, mie ni mke wa mtu tu, na mke wa mtu hafundishi watu wazima kunywa.

Baba mkwe figo zake zilikuwa zimechoka. Kila wiki tulimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na maji yake alipimiwa: kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni, basi. Madafu alikatazwa kabisa. Dafu limejaa potasiamu, madini ambayo figo nzima inayatoa kwa mkojo, ila figo mbovu inayaacha yarundikane kwenye damu mpaka moyo unashindwa kupiga. Hayo niliyasema ukweni kwa heshima zote, nimepiga magoti, nimejitanda khanga. Walinisikiliza vizuri sana. Kesho yake shangazi wa mume wangu, dada yake mgonjwa, akaja na madafu kwenye mfuko.

Maana hapa mjini kila mtu anajua kwamba madafu yanasafisha figo. Nani kamwambia, hajui, ila anajua. Na kwa mgonjwa haendi mtu mikono mitupu, hasa sie watu wenye asili ya Lindi. Basi kila aliyesikia mzee anaumwa figo alipitia kwa muuza madafu. Shemeji wa Mbezi Beach, mwenye gari, yeye alileta ya chupa, ya dukani kwenye kiyoyozi, ili hata potasiamu ijue imeletwa na watu wenye uwezo.

Ningefanyaje? Kumrudishia mgeni alichomletea mgonjwa ni kumtukana. Nikimwaga, wataona uwanja umelowa. Nikiwapa majirani, itasemwa nauza. Nikawa napokea kwa mikono miwili: "Asante, ngoja nikamwekee kwenye jagi." Naingia jikoni, nafunga mlango, nakunywa mwenyewe. Siku ya wageni wengi nilikuwaga nikitembea tumbo linacheza, na hamu ya madafu ilinitoka mpaka leo. Lakini mzee alikuwa anaamka kila asubuhi, na mie nilichokuwa nakitaka ni hicho tu.

Shangazi akanikuta. Nimerudisha kichwa nyuma, dafu mdomoni, maji yananichuruzika kidevuni. Akageuka, na jioni ile ile nikaitwa kwenye kikao. Wenyewe kwenye makochi, mie mkekani.

"Mgonjwa midomo imempasuka kwa kiu," shangazi akasema, "na nesi anashiba."

Nikaeleza habari za potasiamu upya. Wifi yangu, kwa upole wa kuudhi, akaniuliza kama hiyo potasiamu ni sumu, mbona mie naibugia kila siku na nanenepa tu. Wakaitikia kwa vichwa, wifi kasema. Mume wangu alikuwa anaangalia zulia kama mtu anayetaka kulinunua. Niliumia, nisiwadanganye. Nilimpenda yule mzee, na nilikuwa naona wazi kwamba watamuua, tena kwa mapenzi.

Nikaondolewa jikoni. Shangazi akahamia pale na kumhudumia kaka yake mwenyewe, dafu asubuhi, dafu jioni, na mzee kwa kiu aliyokuwa nayo hakukataa. Haikupita wiki miguu ikamwisha nguvu. Nikamshika mkono kama namsalimia, kumbe namhesabia mapigo. Yalikuwa yanakwenda polepole, yanasimama, halafu yanaendelea tena. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikaita bajaji, nikampakia, shangazi akaparamia kwa nyuma huku anauliza nampeleka wapi ndugu yake.

Tuliwahi. Walimchoma sindano za kuulinda moyo, wakamweka kwenye mashine. Daktari, kijana mdogo kwangu kwa mbali, akamwambia shangazi maneno yale yale niliyoyasema nikiwa nimepiga magoti. Yeye alikuwa amesimama, tena ana haraka. Shangazi akaitikia, "Ndiyo, baba," na akatoka mle ndani mtaalamu. Ukoo mzima ulipigiwa simu kuelezwa habari za potasiamu. Mwishoni mwa kila simu alikuwa anaongeza kidogo: "Na humu ndani tuna nesi, lakini nesi mwenyewe kazi yake kunywa."

Madafu yakakoma. Halafu wageni nao wakakoma. Sikulitegemea hilo, na wao nadhani hawakulipanga. Madafu mwiko, ndizi mwiko, machungwa mwiko, juisi ndiyo usiseme. Sasa mtu aje na nini? Mikono mitupu ni aibu. Wakawa wanatuma salamu kwa simu. Shemeji wa Mbezi Beach alituma sauti ndefu ya maombi, na nyuma yake unasikia televisheni.

Mzee akabaki barazani, kanzu imepigwa pasi, uso kwenye geti. Geti likigongwa anakaa sawa, kumbe ni msoma mita za maji.

Kwa heshima ya ukwe hakuwahi kuzungumza nami moja kwa moja zaidi ya kuitikia shikamoo. Akiwa na neno, alimtuma mwanawe. Mchana mmoja nikampelekea kikombe chake kidogo cha maji. Akakipokea, asinywe.

"Mkwe," akasema, bado anaangalia geti. "Waambie walete tu hayo madafu."

"Baba, daktari alisema..."

"Nilimsikia. Nakwambia waambie walete. Utakunywa wewe, kama mwanzo."