Ng'ombe wa Kalunde

Kalunde alikuwa na ng'ombe ambao hakuna mtu Kwihara aliyewahi kuwaona, lakini sote tuliwajua kwa rangi zao.

Mimi, Tatu, niliolewa Kwihara nikitoka mjini Tabora, mtoto wa mjini nisiyejua hata kushika jembe, na yeye ndiye jirani wa kwanza kunikaribisha. Alinipa karanga za kuchemsha, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, na kabla sijazimaliza alikwisha kunisimulia habari za ng'ombe hao. Mwaka ule, alisema, miombo ilikuwa inatoa majani mapya mekundu. Asubuhi moja vumbi likaonekana upande wa Choma, likaja polepole bila sauti, na ndani ya vumbi ukaanza kuona pembe. Mbele alitembea ng'ombe mweupe mwenye sikio lililochanika. Nyuma yake wekundu wawili waliofanana, kisha dume jeusi lililogoma kukanyaga kivuli chake lenyewe, kisha wengine na wengine, mpaka njia yote ya misafara ikajaa pumzi zao. Wakaingia zizini kwa kaka yake, Lugembe. Walikuwa mahari yake, wametoka kwa Mhoja, mpagazi aliyempenda.

Alipofika hapo sauti yake ilikuwa ndogo sana na macho ameyafumba, nami, wallahi, niliwaona. Hata harufu yao niliisikia. Nina hasira za karibu na si mtu wa kudanganyika upesi, lakini jioni ile nilirudi nyumbani nikamwuliza mume wangu, Yahaya, kwa nini yeye hakuleta hata mbuzi.

Kweli yenyewe nilikuja kuipata kwa binti yake, Bernadeta, tulipokwisha kuwa marafiki wa kuambiana yote. Mhoja alipita Kwihara na mzigo wa nta begani, enzi za misafara, kabla reli haijafika. Akaugua mguu, akabaki msimu mzima. Mguu ulipopona akamwambia Kalunde anakwenda kwao Choma kuleta ng'ombe. Hakurudi, na hakuna anayejua kama alifia porini au alioa kwingine. Bernadeta alizaliwa nyumbani kwa Lugembe, na Lugembe, ambaye hakujaliwa mtoto, akamlea kama wake. Siku Bernadeta alipoolewa, mahari yake aliipokea mjomba huyo, akamwita kando na kumweleza sababu: ng'ombe wa mama yako hawakuja. Akamsihi Bernadeta ahakikishe mama yake hajui kamwe kwamba ameambiwa.

Bernadeta alilishika neno hilo. Mumewe alipofariki akarudi Kwihara kuishi na mama yake, na jioni nyingi niliwakuta wawili hao mlangoni, mama anawapitisha ng'ombe wake, binti anauliza, "Na yule mwenye sikio, mama?" utadhani anasikia kwa mara ya kwanza. Mimi nisingeweza. Ningecheka, au ningelia.

Kisha Lugembe akafa. Shamba lake lilianzia kando ya njia ya zamani likashuka mpaka mbugani, juu mihogo na karanga, chini mpunga, na hilo ndilo lililowalisha Kalunde na Bernadeta. Matanga hayajaanuliwa vizuri, akatokea Silasi kutoka Ziba, mtoto wa marehemu Elieza, mdogo wake Lugembe. Alilitaka shamba lote. Bernadeta alipokataa, Silasi akampeleka kwenye baraza la mtemi, maana huko ndiko zilikokatwa kesi za urithi wakati ule wa Mwingereza.

Kesi ilikuwa na swali moja tu. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mtoto ambaye mama yake alilipiwa ng'ombe ni wa kwa baba yake, na kwa wajomba hana chake. Ambaye mama yake hakulipiwa ni wa kwa wajomba, na huko ndiko anakorithi. Kwa hiyo Bernadeta alitakiwa kusema maneno matatu tu: ng'ombe wale hawakuja. Angeyasema, shamba lingekuwa lake mchana uleule.

Lakini angeyasema mbele ya mama yake. Na Kalunde, maskini, alikuwa ameielewa kesi kinyume kabisa. Kwa hesabu zake, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ya ng'ombe ana heshima, na mwenye heshima hanyang'anywi shamba. Kila tulipotaka kumfahamisha tulikwama, kwa sababu kumfahamisha kulikuwa ni kumwambia kwamba kweli ya hadithi yake tunaijua.

Silasi aliuona mwanya huo, mjanja yule. Alikuja na mnofu wa nyama, akapiga goti. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Akaketi miguuni pake, akaomba asimuliwe habari za ng'ombe, akasikiliza mpaka wa mwisho alipoingia zizini. "Utakuja kuwaambia wazee hivyohivyo, shangazi?" Kalunde alifurahi mno. Alifua kaniki yake mpya, akaianika juani. Nilitamani kumtwanga Silasi kwa mchi.

Siku ya kesi tulikwenda watatu. Baraza lilikuwa banda pana la nyasi, wazi pande zote, na upepo wa mbugani ulipita ndani taratibu. Silasi alitoa madai yake, kisha akamwita shangazi yake. Kalunde akasimama. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kinyamwezi, na watu wote wakatulia. Kinyamwezi changu mimi ni cha kuombea maji, lakini nilijua kila mahali alipofika. Karani aliacha kuandika. Mzee mmoja alifumba macho, kichwa kinayumba kidogo kidogo. Huko nje vumbi likainuka barabarani, na watu wawili watatu, wallahi, wakageuka kutazama kama kuna pembe.

Alipomaliza, mzee wa baraza, yule aliyekuwa anaikata kesi, akamgeukia Bernadeta.

"Binti, mama yako amesema ng'ombe walikuja. Unakubali, au unakana?"

Nikamfinya. Nikamfinya tena, kwa kucha. Alimtazama mama yake, ambaye bado alikuwa anatabasamu.

"Mama yangu aliolewa," akasema.

Basi. Shamba likawa la Silasi. Bernadeta avune kilichomo, aondoke kabla ya mvua. Kalunde hakuyasikia hayo; wanawake walikwisha kumtoa nje wakimpongeza kwa masimulizi yake. Hukumu ingeandikwa kesi nyingine zikiisha, na Silasi akabaki kuingoja.

Tukashika njia ya Kwihara. Kalunde alitangulia, anaimba puani, anaokota maua ya manjano kando ya njia na kuyatupa. "Wamenisikiliza vizuri," akasema. "Mwaka huu mpunga tuupande mapema, Bernadeta."

Mimi nilihesabu pumzi zangu mpaka zikanishinda.

"Mpunga gani, mama?" nikafoka. "Shamba limekwenda kwa Silasi! Limekwenda na ng'ombe wako!"

"Tatu!" Bernadeta akanivuta kanga. Lakini neno lilikwisha kutoka, na nikalimalizia, nikamweleza desturi ile yote pale njiani. Kalunde alisimama huku ua moja limebaki mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa. Mjomba aliniambia."

"Na kila jioni ulikuwa unaniuliza habari za sikio."

"Nilipenda kusikia, mama."

"Na leo umenyamaza."

"Nimenyamaza."

Kalunde akatupa macho mbali huko kaskazini, upande wa Choma, mpaka nikaogopa. Kisha akageuka akaanza kurudi tulikotoka, kwa hatua ndefu nisizowahi kumwona nazo, nasi tukamfuata mbio.

Baraza lilikuwa bado limekaa. Aliingia katikati ya kesi ya watu wengine, akapiga magoti.

"Baba zangu, maneno yangu ya asubuhi nayarudisha. Ng'ombe hawakuja. Mhoja alisema atawaleta, hakuleta hata mmoja. Mimi sikuolewa. Huyu Bernadeta ni mtoto wa nyumba ya Lugembe."

Silasi aliruka. "Wamemfundisha njiani! Asubuhi ametaja mpaka rangi!"

"Ni kweli, mama," mzee wa baraza akasema kwa upole. "Asubuhi umetuonyesha mpaka sikio lililochanika. Kwa nini ulitudanganya?"

"Sikuwa nawadanganya, baba," Kalunde akasema. "Nilikuwa nawangoja hao ng'ombe."

Wazee walinong'onezana. Yule aliyekuwa amefumba macho asubuhi sasa alikuwa ameyafumbua wazi, na yeye ndiye aliyesema kwamba hajaona mwanamke anayejivunjia heshima mbele ya watu wote kwa jambo la uongo. Hakuna aliyembishia. Hata Silasi aliketi. Hukumu ikabadilishwa: shamba la Lugembe ni la Bernadeta.

Karani akachovya kalamu. "Jina la mwenye shamba?"

"Bernadeta."

"Binti nani?"

Wakati ule mwanamke aliandikwa kwa jina la baba yake, na karani hakuuliza kwa ubaya, ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini watu walikohoa. Mmoja alicheka nyuma. Kalunde aliinamisha kichwa.

Bernadeta akasogea mbele, akasimama pale mama yake alipopiga magoti.

"Binti Kalunde," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Andika hivyo. Bernadeta binti Kalunde."

Karani alimtazama mzee wa baraza. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kalunde alijifunika uso kwa kaniki yake mpya, akalia kwa sauti bila haya yoyote, nami nikalia naye, na Bernadeta akamshika mkono, akangoja mpaka karani amalize kuandika.